Asilimia Kumi ya Nini?

Kila halmashauri nchini Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha, bila riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Habari hiyo si ngeni kwa mtu. Wagombea huitamka majukwaani, na diwani mpya akipita mtaani huanza nayo. Wanaojua jinsi fungu hilo linavyohesabiwa, linavyopita na linavyokwama ni wachache zaidi, na mara nyingi ndio hao hao wanaolipata.

Tuanze na hesabu. Mapato ya ndani ni yale ambayo halmashauri inayakusanya kwa mkono wake: ushuru wa huduma, ushuru wa mazao, ushuru wa soko na stendi, ada za leseni za biashara, kodi za vibanda, vibali vya ujenzi. Ruzuku ya Serikali Kuu haimo. Mishahara ya walimu na waganga haimo, wala fedha za wafadhili. Tuseme halmashauri imekusanya shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni milioni 200, nazo hugawanywa kwa kanuni ya nne, nne, mbili: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana, milioni 40 kwa watu wenye ulemavu. Ukigawa milioni 80 kwa kata 20, kila kata inabaki na milioni 4 za wanawake. Kikundi kimoja kilichojipanga vizuri kinaweza kuziomba zote.

Hapa ndipo usawa unapoanza kupinda. Jiji lenye viwanda, hoteli na maghala hukusanya mabilioni mengi. Wilaya inayotegemea muhogo na minada ya ng'ombe hukusanya kile ambacho mvua imeruhusu. Kijana wa Ilala jijini na kijana wa Kakonko vijijini wana haki moja mbele ya sheria, lakini sufuria zao hazilingani. Sheria imeleta haki kati ya majirani wa halmashauri moja. Kati ya halmashauri na halmashauri haijagusa kitu, na sijui kwa nini jambo hili halisemwi zaidi bungeni.

Sufuria yenyewe nayo hubadilika ukubwa kwa maamuzi yanayofanyika mbali na kijiji. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, na ilikuwa haki yake. Lakini katika halmashauri za vijijini ushuru huo ndio mgongo wa mapato, kwa hiyo baba aliyepunguziwa ushuru wa korosho alipunguziwa pia fungu ambalo binti yake angekopa. Kodi ya majengo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya halmashauri, ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mtu akiuliza kwa nini vikundi vya mwaka huu vimepata kidogo kuliko vya zamani, asikimbilie kumshuku afisa maendeleo ya jamii. Wakati mwingine jibu limo kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka huo.

Zamani hata fungu lenyewe halikuwa na uhakika. Kwa miaka mingi lilikuwa agizo la Serikali tu: asilimia 5 kwa wanawake, asilimia 5 kwa vijana, na watu wenye ulemavu hawakutajwa. Mkurugenzi aliyekuwa na deni la mafuta ya magari alilipa deni kwanza. Mwaka 2018 Bunge liliingiza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na agizo likawa wajibu wa kisheria. Kanuni za utekelezaji zikafuata 2019. Kisha, Aprili 2023, Serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, na vikundi ambavyo wakaguzi walipovifuata hawakuvikuta. Mikopo ilirejea 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu njia ya kuitoa kupitia benki.

Kwa nini fedha zilipotea? Maelezo ya haraka ni kwamba watu ni wadanganyifu, na wapo. Kila halmashauri ina hadithi ya kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo na kufa wiki ya malipo. Lakini mimi nadhani mtego mkubwa ulikuwa ndani ya mfumo wenyewe. Uliwataka watu wengi wasiofanya kazi pamoja wajifanye wanafanya kazi pamoja. Mama anayeuza vitumbua ana mtaji wake, wateja wake na saa yake ya kuamka. Mwambie aungane na wenzake kufuga kuku wa mayai na atakubali, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuifikia fedha. Mkopo ukiingia, wanagawana kila mtu na chake, kuku hawaonekani, na marejesho yanamwangukia mwenyekiti wa kikundi na mwekahazina. Afisa maendeleo anajua. Benki inajua. Waliofanikiwa, kwa kiasi kikubwa, ni wale waliokuwa tayari na VICOBA au kikundi cha kuweka na kukopa kabla ya kusikia habari za halmashauri: wameshapimana, wanajua nani hulipa na nani huugua siku ya marejesho.

Kwa watu wenye ulemavu kikwazo kilikuwa cha aina nyingine. Kata inaweza kuwa na viziwi watatu, asiyeona mmoja na mwenye ulemavu wa viungo anayeishi ng'ambo ya mto. Kuwataka waunde kikundi kikubwa ni kuwafungia mlango kwa adabu. Kanuni zilirekebishwa, idadi ya wanakikundi ikapunguzwa, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Hayo ni mabadiliko mazuri ambayo mabalozi wengi wa nyumba kumi hawajayasikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati zao kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Pale kamati hiyo ilipo kweli, si kwenye karatasi, ile asilimia 2 hupata wa kuidai.

Njia ya maombi si ya siri. Kikundi kinahitaji katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, akaunti ya benki, usajili katika ofisi ya maendeleo ya jamii na andiko la mradi. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia halmashauri. Maombi hupita kata kabla ya kufika halmashauri, na kata ndipo mchujo wa kweli ulipo. Mtendaji wa kata, afisa maendeleo na wajumbe wa kamati wanajuana na nusu ya waombaji. Hilo lina faida, maana wanaweza kutambua kikundi hewa kwa kuangalia majina. Hasara yake ni kwamba mjane mgeni wa mtaa, asiye na ndugu kwenye kamati, maombi ya kikundi chake hukaa mezani mpaka mwaka wa fedha uishe. Akiambiwa fedha zimekwisha, hana namna ya kubishana, kwa sababu hajui zilikuwa ngapi.

Kuzijua zilikuwa ngapi kunawezekana. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unatakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, na kusomewa mapato na matumizi ni sehemu ya kazi yake. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Unaingia, unakaa, unasikiliza, huna ruhusa ya kuchangia mpaka upewe nafasi. Taarifa za robo mwaka husomwa humo, nazo zinataja makusanyo halisi, si makisio. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Halmashauri inaweza kutangaza kwamba imetenga milioni 300, nazo ni asilimia 10 ya makisio ya bilioni 3. Ikiwa imekusanya bilioni 1.4, fungu halisi ni milioni 140. Anayeuliza "mmetenga kiasi gani?" atapewa namba nzuri. Aulize: mmekusanya kiasi gani hadi sasa, mmekopesha kiasi gani, na marejesho ya mikopo ya zamani yako wapi? Hilo la mwisho huwafanya watu wakohoe. Mkopo unaorudi hukopeshwa tena kwa wengine, na mfuko wenye marejesho mazuri huweza kuwa mkubwa kuliko fungu jipya la mwaka.

Mkutano usipoitishwa, au mtendaji akisema taarifa ni ya ndani, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika maombi kwa mkuu wa taasisi, hapa mkurugenzi wa halmashauri, naye ana siku 30 za kujibu. Barua fupi yenye maswali matatu hufanya kazi kuliko malalamiko marefu redioni. Ipelekwe na wakazi kadhaa kwa pamoja, ipigwe mhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu. Mkurugenzi naye si adui katika hili. Kwake, barua yenye mhuri ni sababu ya kumbana mweka hazina wake.

Kuna mlango mwingine ambao kwa maoni yangu unashinda mkopo, na ambao watu wachache sana wanaugonga. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi nunuzi, halmashauri zikiwamo, kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mkopo unakuachia deni, zabuni inakuletea mteja. Halmashauri hununua madawati, mapazia, vyakula vya semina, usafi wa masoko, ukataji wa nyasi, sare, matofali, na zabuni zake sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kikundi cha mafundi seremala vijana chenye mkopo wa milioni 5 bila mnunuzi kitahangaika. Kikundi hicho hicho kikipata kazi ya madawati 60 ya shule ya kata kitakuwa na cha kurejesha. Tatizo ni kwamba ofisi mbili zinazohusika hazizungumzi. Afisa maendeleo anasajili vikundi vya mikopo, afisa ununuzi anapanga zabuni ghorofa nyingine, na orodha ya kwanza haifiki kwa wa pili. Diwani anayetaka kusaidia vijana wa kata yake angefanya zaidi kwa kuuliza, kwenye kikao cha kamati ya fedha, ni zabuni zipi za mwaka huu zimetengwa kwa vikundi, kuliko kwa kuahidi mikopo mipya.

Kwa anayetaka kuingia katika mambo haya, kalenda ni rafiki. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vijiji na mitaa hupeleka vipaumbele vyao kati ya Oktoba na Desemba, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, na ikifika Aprili, Bunge linapoanza kuijadili, kilichoandikwa ni vigumu kukibadili. Mkutano wa kijiji wa Oktoba huwa na watu wachache: mashamba yanaandaliwa na ajenda inaonekana kavu. Huo ndio mkutano ambao mwenyekiti akisema "kuna swali?", mwanakikundi mmoja mwenye namba za robo ya kwanza mkononi anasikilizwa na watu wote.