Walinzi wa Pwani katika Maji Yasiyopwa

Mpwa wangu alipoajiriwa katika Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya, dada yangu alimshukuru Mola kwa mambo mawili: kwamba kijana amepata kazi yenye heshima, na kwamba kazi yenyewe ni ya pwani, basi hatakwenda mbali na mama yake. Alimwazia Liwatoni au Shimoni, na kwa umbali kabisa Lamu. Barua ya uhamisho ilipokuja ikitaja Homa Bay, aliuliza swali ambalo nadhani kila mama wa Mombasa angaliuliza: ni pwani gani hiyo iliyo zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka hapa petu?

Kikosi hiki si cha kale. Sheria iliyokiunda ni ya mwaka 2018, na tarehe 19 Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alikizindua pale Liwatoni, karibu na lilikokuja kuwekwa baadaye daraja la kuelea la kwendea Likoni. Wengi wetu tunachokikumbuka ni ile meli yake ya doria, MV Doria. Jina la kikosi, pamoja na mahali kilipozinduliwa, vimetufanya sisi wa Mombasa tukidhani ni mali yetu. Lakini maji ya Kenya hayaishii Vanga na Kiunga. Upande wa magharibi kuna Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo. Takriban nusu ni ya Tanzania, na iliyosalia ni ya Uganda. Katika kipande hicho kidogo mlinzi wa pwani hufanya kazi zile zile afanyazo huku kwetu: kuzuia magendo, dawa za kulevya na uvuvi haramu, kuzuia uchafuzi wa maji, na kuwatafuta waliopotea.

Likizo ya Desemba tulifunga safari, mimi na dada, tukamtazame. Tulipanda basi hadi Nairobi, tukapita Kisii na Rongo, na tulipoanza kuteremka kuelekea Homa Bay tukaliona ziwa limetandaa chini, na mlima Homa ukisimama kando yake peke yake. Kijana alitupokea kwa shikamoo na kicheko. Dada hakumwuliza kama amekula wala kama anasali kwa wakati. Alitazama ufukoni, akauliza, "Sasa hivi maji yamejaa au yamepwa?"

"Hapa hayapwi, Mama."

Niliikumbuka njia nzima ile jawabu. Neno letu pwani latokana na kupwa kwa maji. Ni mahali panapofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku. Ziwani hakuna bamvua wala maji mafu ya kuhesabiwa kwa mwezi. Maji yake hupanda na kushuka kwa misimu na miaka, na hapo huwa hayana mchezo: mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua nyingi, yalifika kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla yake, yakafunika nyumba, magati na mashamba ya watu wa ufukoni katika nchi zote tatu. Mlinzi wa pwani, basi, amepelekwa mahali ambapo kwa maana ya asili ya neno hapana pwani.

Tofauti ya pili mpwa wangu aliijua kwa mwili wake mwenyewe. Yeye ni mwogeleaji tangu utotoni, mtoto wa kurukia maji pale Mzizima. Siku ya kwanza alipoingia ziwani alishtuka kuona mwili wake mzito. Maji ya chumvi humbeba mtu. Maji baridi humbeba kwa uchache zaidi, hata aliyezoea bahari huchoka mapema kuliko alivyotarajia. "Mama mdogo," aliniambia, "nilidhani nimeugua."

Ya tatu ni dhoruba, na hii nataka niieleze kwa kituo, maana ndiyo iliyonitia hofu. Wavuvi wetu wana kusi na kaskazi, pepo zenye majira yake, na mzee wa kwetu huweza kukwambia wiki gani usitoe chombo. Ziwani jambo muhimu zaidi ni saa. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na uvuguvugu wake, na upepo hugeuka. Huvuma kutoka bara kuingia ziwani, na kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi kavu pande zote, pepo hizo hukutana katikati. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, nayo hujijenga kuwa mawingu ya radi. Kwa hiyo wakati ambapo sisi tumelala, ndipo ziwa linapochafuka.

Na wakati huo huo ndipo wavuvi wa omena wanapokuwa kazini. Omena ni dagaa wa ziwani, samaki mdogo wa kidole anayeliwa kutoka Kisumu hadi masoko ya Mombasa. Huvuliwa usiku wa giza, pasipo mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Kwetu mtu akisikia karabai za wavuvi huona uzuri wa mbali. Ukisimama Mbita usiku utaona taa hizo kama mji mwingine uliojengwa majini, kuelekea visiwa vya Rusinga na Mfangano. Dada alisema "mashallah" mara ya kwanza alipoziona. Mtoto wake akamweleza habari ya dhoruba, naye hakulisema tena neno lile usiku huo.

Kwa gari tulifuata njia ya ziwani kutoka Mbita, tukapita Sindo chini ya vilima vya Gwasi, tukaingia kaunti ya Migori kwa upande wa Sori na kuendelea hadi Muhuru Bay, mpakani mwa Tanzania. Mbele ya Muhuru, mbali majini, kuna kijisiwa cha Migingo. Wengi mmekisikia. Ni mwamba ambao hautoshi hata uwanja mzima wa kandanda, umefunikwa kwa mabati, na Kenya na Uganda zimeugombania tangu mwaka 2004, polisi wa Uganda walipokwenda kukaa pale. Mwaka 2009 nchi mbili zilianza kupima mpaka kwa pamoja, kwa kurejelea mstari ulioandikwa na Waingereza mwaka 1926. Kinachogombaniwa hasa ni sangara, ambao Wajaluo huwaita mbuta, wanaopatikana katika maji ya kina yaliyokizunguka kisiwa. Jiwe lenyewe halina kitu.

Mstari huo wa 1926 hauonekani majini. Mvuvi wa Muhuru anayefuata samaki huweza kuuvuka asijue, au akijua, na akakamatwa na walinzi wa nchi nyingine, chombo na injini vikazuiliwa. Familia hupata habari kwa simu ya mtu wa tatu. Nilimwuliza mpwa wangu kama yeye huweza kwenda kuwatoa. Alitabasamu, akasema hilo ni la wakubwa na mabalozi. Kazi yake yeye ni kuwarudisha kabla hawajafika huko. Jawabu la askari, nikalinyamazia.

Ufukoni Muhuru nilikutana na mama mmoja aliyekuwa akianika omena juu ya nyavu kuukuu. Sitamtaja jina, hakunipa ruhusa. Ana mashua mbili, anawaajiri vijana wanane, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Alipojua kwamba nimekuja kumtazama kijana wa walinzi wa pwani, uso wake ulibadilika kidogo.

"Hao?" alisema. "Hao huja na moto."

Alikusudia nyavu. Sheria za uvuvi za Kenya zimepiga marufuku nyavu za uzi mmoja wa plastiki, nyavu za matundu madogo kupita kiasi, na kokoro la kuvutwa kutoka ufukoni, kwa sababu huzoa hata vifaranga vya samaki. Zikinaswa huchukuliwa, na baadaye huchomwa moto. Mwenye mashua aghalabu huwa amenunua wavu kwa mkopo, kutoka chama cha kina mama au kwa mfanyabiashara anayesubiri samaki. Wavu ukiungua, deni haliungui. Mama yule hakuwa akitetea uharamu. Alisema wazi kwamba samaki wamepungua na kwamba wenye kokoro wanawala watoto wao wenyewe. Lakini alinihadithia jambo ambalo tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri.

Usiku mmoja mashua ya jirani yake ilipinduka. Vijana walikuwa na simu, imefungwa katika mfuko wa plastiki, na namba za kuombea msaada walikuwa nazo. Hawakupiga. Walikuwa na nyavu za haramu, wakaogopa kwamba atakayekuja kuwaokoa ndiye atakayewashitaki. Walingoja, wakishikilia madumu ya mafuta matupu, hadi kulipopambazuka na mvuvi mwingine akawaona. Walikuwa watano walipotoka. Walirudi watatu.

Nilimpelekea mpwa wangu kisa hicho kama mashitaka, nikitaraji ajitetee. Hakujitetea. Alisema visa vya namna hiyo wanavijua, na kwamba jambo gumu kuliko yote katika kazi yao ni hilo: mkono unaochukua wavu mchana ndio unaonyooshwa usiku, na mtu aliye majini hana nafasi ya kutofautisha. Akasema kitu kingine, kwamba wakifika kwenye mashua iliyozama huvuta watu kwanza, na hakuna aulizaye habari ya wavu mpaka mtu amekauka na amekunywa chai. Nilimwuliza kama wavuvi wanalijua hilo. Akanyamaza.

Kwa maoni yangu, kosa halipo upande mmoja. Lakini lau ningekuwa na sauti kwa wakubwa wa kikosi, ningeliwaomba watume maafisa wao, wake kwa waume, wakae na kina mama wanaoanika omena, wawaambie kwa maneno mepesi kwamba anayepiga simu ya kuomba kuokolewa hatashikwa usiku huo. Kina mama hao ndio wenye mashua, ndio watoao mikopo, na ndio wanaojua nani ametoka na nani hajarudi. Kila ufuko una kamati yake ya usimamizi; habari ikifika kwa wanawake, wiki haitapita kabla haijafika majini.

Liko na la jaketi la kuokoa maisha. Tuliona mashua nyingi zikitoka jioni, na vijana waliovaa walikuwa wachache. Sababu nilizopewa ni nyingi: ni ghali, lina joto, linanasa kwenye wavu, anayevaa huchekwa kuwa mwoga. Yule mama wa Muhuru anayo majaketi manane, yametundikwa ukutani nyumbani kwake, kwa sababu akiyaacha mashuani huibwa. Kila jioni humpa kila kijana la kwake mkononi, na kila asubuhi huyapokea. "Asiyelirudisha," alisema, "hapati fungu lake mpaka alilete." Vijana humnung'unikia. Hajapoteza hata mmoja.

Sisi wa Mombasa hatuna haki ya kuwacheka vijana wa ziwani. Tunaikumbuka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka hatua chache kutoka gatini na watu 272 wakafa. Nyumba gani ya kusini mwa kisiwa haikuwa na tanga siku ile? Miezi miwili tu kabla ya kikosi hiki kuzinduliwa, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, kikaua watu 228. Nacho pia kilikuwa karibu na gati. Katika tanga hizo zote nimesikia tukiambiana kwamba aliyekufa maji amepata daraja ya shahidi. Ni kweli tumefundishwa hivyo, na ni faraja kubwa kwa mama aliyefiwa. Lakini nimesikia pia vijana wakilisema kabla ya kutoka, kwa mzaha, jaketi likiwa limekaliwa kama mto. Faraja ya mfiwa haikuwekwa iwe udhuru wa anayetoka akiwa hai.

Jioni yetu ya mwisho tulirudi Homa Bay. Kijana alikuwa na zamu ya usiku, na dada akaomba amsindikize hadi karibu na gati. Hakukuwa na upepo. Upande wa ziwa kulikuwa na mawingu ya kijivu, mbali sana, na mara moja au mbili yakamulika kwa ndani pasipo sauti. Vijana walikagua injini, wakajaribu redio, wakahesabu madumu ya mafuta. Mmoja wao, msichana mdogo wa Taita kwa lafudhi yake, alikuja kumwamkia dada na kumwambia asiwe na wasiwasi.

Dada hakumjibu mara moja. Alikuwa akihesabu kwa midomo, kama ahesabuvyo tasbihi. Watu walikuwa sita. Alihesabu tena majaketi, akaanzia upande wa nyuma wa boti, na alipofika la sita ndipo alipoitikia.