Mchanga wa korongo si lami: Jifunze kuuvuka kabla ya usiku wa dharura

Korogwe. Mkumbara haina bahari. Kutoka hapa hadi pwani ya Tanga ni zaidi ya kilomita 100, lakini mchanga upo, tena wa kutosha kunasa Land Cruiser mchana kweupe.

Eneo hili liko chini ya Milima ya Usambara Magharibi, upande ambao mvua huwa haba. Enzi za Wajerumani magogo yaliteremshwa hapa kutoka Shume kwa kamba ya waya hadi kwenye reli. Maji ya mvua nayo huteremka kutoka huko huko, na yakishapita huacha mchanga kwenye makorongo. Wakati wa kiangazi, kwenda shambani au kitongoji cha pili mara nyingi ni kukatiza korongo. Ukiwa kwenye barabara kuu ya kwenda Same huoni tatizo lolote. Chepuka kilomita chache tu, lami inakuwa hadithi.

Kwa nini mwandishi wa afya azungumzie matairi? Kwa sababu ya mama mjamzito. Tangu watafiti Thaddeus na Maine walipochapisha kazi yao mwaka 1994, wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mchanga umekaa kwenye huo wa pili. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Saa moja ya kufukua matairi korongoni usiku, ukiwa njiani kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, ni sehemu kubwa ya muda alionao.

Asubuhi moja nilimtazama mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akijifunza kwenye korongo kavu. Gari ni la mumewe, ambaye kazi yake humweka mbali na nyumbani wiki nzima. Aliyemfundisha ni shemeji yake. Mara ya kwanza gari lilipoanza kuzama, mama alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya: alikanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, mchanga ukaruka, na ndani ya sekunde chache gari likalalia tumbo. Shemeji hakupandisha sauti. Alimwambia jambo moja tu, na alilirudia asubuhi nzima: ukihisi linazama, toa mguu.

Upepo kwanza

Siri ya mchanga iko kwenye upepo wa tairi. Tairi la gari kubwa la familia hujazwa kama psi 35 kwa ajili ya lami. Likiwa gumu hivyo linakata mchanga kama kisu. Ukipunguza hadi 18 au 20, tairi hulala chini, alama yake ardhini hurefuka, na uzito wa gari husambaa. Mchanga ukiwa laini sana, wazoefu hushuka hadi 15 au 16. Chini ya 12 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona, kwa hiyo usifike huko.

Si ujuzi mpya. Mwanajeshi wa Uingereza, Ralph Bagnold, alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya kawaida ya miaka ya 1920 na 1930, akipunguza upepo na kubeba mabati ya kutandika chini ya matairi. Huko Oman, kwa ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, madereva wanaoingia kwenye vilima vya mchanga vya Wahiba hupunguza upepo Bidiya kabla hawajagusa mchanga, na wakitoka hujaza tena pale pale. Sisi mara nyingi tunakumbuka upepo tukiwa tumeshanasa.

Unahitaji kipimo cha upepo na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Kwangu mimi, kama gari lenu hupita njia za namna hii, pampu hiyo inatangulia redio mpya.

Mguu mwepesi

Washa magurudumu yote manne kabla ya kuingia. Kwenye magari ya zamani lazima ushuke ufunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, na wengi husahau. Chagua gia mapema, ingia kwa mwendo wa wastani usiobadilika, na usisimame katikati. Kubadilisha gia kwenye mchanga mzito hukata mwendo, na mwendo ukikatika umekwama. Usikate usukani kwa ghafla. Ukitaka kusimama, ondoa mguu kwenye mafuta uache gari lijisimamie lenyewe, kwa sababu breki hujenga kichuguu cha mchanga mbele ya kila tairi. Simama pale pagumu, au pua ya gari ikielekea mteremko.

Kwenye kilima cha mchanga, panda moja kwa moja na ushuke moja kwa moja. Gari linalokwenda ubavu kwenye mteremko linaweza kupinduka. Ukishindwa kufika juu, usijaribu kugeuza: rudi kinyumenyume kwenye alama zako zilezile. Na usivuke kilele kwa kasi, maana huoni kilichoko upande wa pili.

Ukinasa, zima tamaa ya mafuta. Shuka, fukua mchanga mbele na nyuma ya matairi na chini ya tumbo la gari, punguza upepo tena kidogo, tandika mbao au magunia ya katani, kisha toka taratibu, mara nyingi kwa kurudi nyuma. Jeki haikai juu ya mchanga bila ubao mpana chini yake, na hakuna mtu wa kuingia chini ya gari lililoinuliwa hivyo.

Watoto wako wapi?

Hapa ndipo ningependa mzazi asome mara mbili. Gari likizama, bomba la moshi linaweza kufunikwa na mchanga. Ukiacha injini ikiunguruma ili watoto wapate hewa baridi, gesi ya kaboni monoksaidi inaweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu, na mtoto anayelala usingizi wa ajabu huenda hasinzii kwa uchovu. Zima injini, watoe wote nje, wakae kivulini wanywe maji. Usiwafungie ndani ya gari lililozimwa pia: kwenye jua joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 10 au zaidi ndani ya nusu saa, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Gari jingine likija kuvuta, watoto na wapiga picha wasogee mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Kamba ikikatika, chuma kilichofungwa mwishoni hurushwa kama risasi. Mikanda ifungwe hata kama mwendo ni mdogo. Mjamzito apitishe mkanda wa chini kwenye nyonga, chini ya tumbo, na wa juu katikati ya matiti. Watoto nyuma ya pikapu, hapana.

Wapi pa kujifunzia

Fanya mchana, mkiwa na gari la pili, na mwanafunzi awe amefikisha miaka 18 na ana leseni ya kujifunzia. Korongo kavu linafaa, ila tazama milimani. Mvua inaweza kunyesha juu huku chini jua linawaka, na maji yakafika bila taarifa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata haya makubwa. Korongo likiwa na maji, subiri.

Wanaokwenda pwani likizo, kuelekea Pangani, waulize kwanza wenyeji ni wapi gari linaruhusiwa. Mchanga mgumu ni ule ulioachwa na maji yanayokupwa. Ule mkavu wa juu ndio unaonasa. Anza maji yakishuka, si yakipanda, na siku za bamvua ongeza tahadhari kwa kuwa maji hupanda mbali zaidi. Fukwe za kasa kama Madete, Saadani, ziache kabisa, kwa kuwa mayai hufukiwa mchangani na tairi huyaponda. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kabla ya kurudi lami, jaza upepo. Tairi laini kwenye mwendo wa barabara kuu hupata joto na kupasuka, na barabara hii ina malori na mabasi usiku na mchana.

Kwa familia isiyo na gari, au ambayo dereva wake hayupo, mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 hupokea simu bila malipo kwa namba 115 na kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Ukipiga, taja mapema kwamba kuna korongo njiani, mama yuko ng'ambo ipi, na kama limekauka au lina maji, ili gari litakalotumwa liwe lile linaloweza kuvuka.