Kisu Kinolewacho Ndani ya Ala: Kuundwa kwa Proteasomu katika Hamira

Hamira ni kitu cha kila siku jikoni. Mpishi aikandapo ndani ya unga hufikiria kuumuka kwa donge tu. Lakini kila chembe ya hamira ni kiumbe kamili chenye seli moja, na ndani yake hufanyika kazi nyingi zile zile za msingi zifanyikazo katika mwili wa mwanadamu. Mojawapo ni kuvunjavunja protini zilizoharibika au zilizomaliza kazi yake. Kazi hiyo hutendwa na kimeng'enya kikubwa kiitwacho proteasomu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vijisehemu vya kimeng'enya hicho vikusanyikavyo hata vikawa kitu kimoja, na kwa nini utaratibu wa kukusanyika huko una uzito mkubwa kwa uhai wa seli.

Yafaa kwanza kulitambua tatizo lenyewe. Kazi nyingi ndani ya seli hutendwa na protini. Kwa hiyo kimeng'enya kikatacho protini ni chombo cha hatari: kikianza kukata ovyo, kitaiharibu seli iliyokiunda. Seli hujikinga kwa njia mbili. Makali ya kimeng'enya hufichwa ndani, mfano wa kisu ndani ya ala; tena makali hayo hayanolewi mpaka ala imekwisha kuundwa.

Umbo la kiini cha proteasomu ya hamira lilidhihirika mwaka 1997, Michael Groll, Robert Huber na wenzao walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao wa fuwele kwa eksirei. Kiini hicho ni mfano wa pipa lililofanywa kwa pete nne zilizopandana, kila pete ikiwa na vijisehemu saba; jumla yake ni 28. Pete mbili za nje ni za vijisehemu vya alfa, na mbili za ndani ni za beta. Zipo alfa saba zinazotofautiana na beta saba zinazotofautiana, kila moja ikitokea mara mbili. Katika beta hizo ni tatu tu zenye makali, yaani ya 1, ya 2 na ya 5, na makali yao yameelekea ndani ya pipa. Mikia ya alfa huziba tundu la kuingilia, hata protini isipite bila ruhusa.

Mwanafunzi wa lugha hatashangaa kusikia kwamba utaratibu ndio msingi. Katika neno "walimpikia" kila kiambishi kina mahali pake. Vikipanguliwa, neno huvunjika ijapokuwa hakuna kilichopungua. Hata hivyo, tofauti ipo: vijisehemu vya proteasomu huhitaji wasaidizi. Wanne kati yao, waitwao Pba1 hadi Pba4, huisimamia pete ya alfa, ambayo ndiyo itangulizwayo. Kazi yao ni kama ya kungwi, amwandaaye mwali lakini yeye mwenyewe si bibi arusi. Juu ya pete hiyo hutua beta ya 2, kisha ya 3 na ya 4, ndipo zifuatapo ya 5, ya 6 na ya 1. Msaidizi mwingine, Ump1, huwamo ndani tangu mapema. Beta ya 7 huja mwisho, na mkia wake huishika nusu ya pili ya pipa. Hapo nusu mbili huungana.

Ni baada ya muungano huo tu ndipo makali hutokea. Kila beta yenye makali huzaliwa na kipande cha mbele, ambacho chaweza kuitwa kitangulizi, kilichoifunika asidi amino iitwayo threonini. Nusu mbili zikishikana, vitangulizi hukatwa na kimeng'enya chenyewe, na threonini hubaki wazi tayari kwa kazi. Ump1, aliyefungiwa ndani, huwa miongoni mwa vya kwanza kuliwa. Fadhila ya punda ni mateke.

Habari za Ump1 zilitolewa mwaka 1998 na Jürgen Dohmen, Alexander Varshavsky na wenzao. Walionyesha jambo la kufikirisha. Hamira iliyonyimwa kitangulizi cha beta ya 5 hufa. Lakini ikinyimwa na Ump1 pia, huishi, ingawa kwa unyonge. Yaonekana basi kwamba Ump1 si msaidizi tu, bali pia huzuia jengo lisilo kamili lisiendelee, na kitangulizi hicho ni sehemu ya kukiondoa kizuizi.

Maarifa haya hayakuishia katika hamira. Proteasomu ya mwanadamu ina muundo wa namna hiyo hiyo, na dawa ya bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu aina moja ya saratani ya uboho, hufanya kazi hasa kwa kuyazuia makali ya beta ya 5. Seli za saratani hiyo hutengeneza protini kwa wingi mno. Zikikosa wa kuzivunja zile mbovu, hulemewa na kufa.