Kinawat, Lugha ya Maji Mia Nne

Magharibi mwa El Salvador, nchi iliyo ndogo kuliko zote Amerika ya Kati, kuna mkoa uitwao Sonsonate. Jina hilo ni la Kihispania kwa maandishi tu. Asili yake ni Sentzunat, "maji mia nne". Wazee wa huko walihesabu kwa ishirini-ishirini, na ishirini mara ishirini ilikuwa namna ya kusema "tele".

Lugha yao ni Kinawat, ndugu wa Kinahuatl cha Meksiko, ambako wahenga wao walitoka karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Sikio huzitenganisha upesi: Kinahuatl hufunga maneno kwa "tl", Kinawat hutosheka na "t", tena hakina irabu "o". Maji ni atl kule, at huku. Tomatl, nyanya, ni tumat. Na ahuacatl, tunda ambalo Wakenya wengi huliita avokado, ni awakat.

Kilichokikata ulimi Kinawat ni mwaka 1932.

Miaka ya 1880 serikali ilikuwa imefuta ardhi za jumuiya, mashamba makubwa ya kahawa yakatanda. Bei ya kahawa ilipoporomoka, wakulima wakainuka mwezi Januari. Jeshi la Jenerali Maximiliano Hernández Martínez liliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 30,000. Feliciano Ama, kiongozi wa wenyeji wa mji wa Izalco, alinyongwa. Kwa hofu ya kutambuliwa kuwa wenyeji wa asili, wanawake wengi wakaacha mavazi yao, wazazi wakawasemesha watoto Kihispania, na Kinawat kikajificha majumbani.

Leo waliokirithi kwa wazazi hawazidi mia chache, karibu wote wazee. Wengi wako Santo Domingo de Guzmán, mji ambao kwa Kinawat ni Witzapan. Humo wanawake hufinyanga vikaango vya udongo, vipana na bapa, vya kuchomea mikate ya mahindi, kisha huviivisha kwa moto wa kuni.

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Don Bosco kilifungua humo shule ya awali, Cuna Náhuat. Walimu ni mabibi wenye lugha yao, nao huitwa nantzin, kwa heshima ya mama. Wanafunzi wana miaka mitatu hadi mitano. Kizazi cha kati, cha wazazi wao, kilirukwa. Watoto hao wakitaka kushukuru husema padiush. Ndani ya neno hilo limo Dios, Mungu kwa Kihispania, lililofinyangwa hata likawa Kinawat.