Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Familia za Herufi

Hapa Sanga, Kamina, lugha hazitupungukii. Nyumbani tunasema Kiluba, sokoni na kanisani Kiswahili, na shuleni tunasoma kwa Kifaransa. Lakini barua ikitufikia kutoka kwa ndugu wa Zambia au wa Marekani, mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, na kanisa zima linamngoja mtu mmoja anayekijua. Akiwa safarini, barua nayo inangoja. Akielewa vibaya, sisi sote tunaelewa vibaya pamoja naye.

Vijana wetu wengi wanaanza kujifunza Kiingereza, kisha wanaacha wakisema kwamba hakisomeki jinsi kilivyoandikwa. Wanasema kweli. Katika Kiswahili, anayejua "ba, be, bi, bo, bu" anaweza kutamka karibu neno lolote atakaloliona. Kiingereza sivyo kilivyo. Ipo hata hivyo njia moja isiyodai fedha nyingi: kutafuta maneno yenye mkusanyiko mmoja wa herufi, na kuyajifunza pamoja kama familia.

Chukua daftari, kalamu na Agano Jipya la Kiingereza. Juu ya ukurasa andika "ight". Soma Injili taratibu, na kila neno lenye herufi hizo uliandike. Utapata "light", yaani nuru, "night", usiku, "right", haki au upande wa kuume, "sight", uwezo wa kuona. Haya manne yanaishia kwa sauti moja, kama "ait". Ukijua moja umeyajua yote.

Mbona basi kuna g na h zisizosikika? Zamani zilisikika kama "kh" ya kooni. Wajerumani mpaka leo wanaitamka katika "Licht" na "Nacht", ndugu wa "light" na "night". Waingereza waliacha ile sauti, lakini maandishi yakabaki. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, namna ya kuandika ilianza kushikamana, huku vinywa vya watu vikiendelea kubadilika. Kwa hiyo mwanafunzi asijione mjinga. Anasoma sauti za watu waliokufa zamani.

Familia nyingine zina ugomvi ndani yake. Tafuta "ough". Neno "through" linatamkwa kama "thru", "though" kama "dho", "enough" kama "inaf", "thought" kama "thoot", na "bough", tawi la mti, kama "bau". Hapo gawanya ukurasa kwa mistari, kila sauti na safu yake, na umwombe anayejua akusomee kwa sauti kubwa. Herufi zinakusaidia kulipata neno, lakini sikio ndilo linalokufundisha kulitamka.

Sisi wa Kongo tuna faida moja ambayo wengine hawana. Mwaka 1066 Guillaume, mtawala wa Normandie, aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Maneno mengi yaliingia hivyo. Andika "tion" juu ya ukurasa, na utaona unajaa upesi: "nation", "tribulation", "génération" inayokuwa "generation", "résurrection" inayokuwa "resurrection". Mwisho wake hutamkwa kama "shan". Vilevile "ité" ya Kifaransa mara nyingi huwa "ity": "humilité" ni "humility", "unité" ni "unity", "éternité" ni "eternity". Aliyemaliza shule ya msingi kwa Kifaransa tayari ana mamia ya maneno ya Kiingereza bila kujua.

Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza, kufanana kwa herufi si kufanana kwa maana. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Kanisa likiandika "we demand" kwa ndugu wa mbali, likifikiri limeomba kwa unyenyekevu, barua itasomwa kama amri. Andika "we ask". Neno moja kama hilo laweza kuharibu urafiki wa miaka mingi.

La pili linawahusu wahubiri. Wengine hupenda kusema kwamba "history" ni "his story", yaani habari zake Yeye. Inapendeza masikioni, lakini neno hilo lilitoka katika Kigiriki "historia", maana yake uchunguzi, na katika Kifaransa "histoire" hiyo "his story" haionekani kabisa. Tukikubali njia hiyo, mtu mwingine atasema kwamba ndani ya "believe", kuamini, mna "lie", uongo. Tutamjibu nini? Herufi zilikutana tu. Mafundisho yasijengwe juu yake.

Kutumia herufi ili kushika maneno si jambo geni kwa watu wa Biblia. Katika Kiebrania, Zaburi 119 imepangwa kwa herufi 22 za lugha hiyo, kila herufi na mistari 8 inayoanza nayo, na ndiyo sababu ina mistari 176. Mpangilio wa namna hiyo humsaidia anayekariri.

Basi tunashauri vikundi vya vijana, vya akina mama na vya wazee wachague familia moja ya herufi kwa juma. Kila mtu alete maneno matano, na kila neno ndani ya sentensi fupi. Hatusemi mkalimani aachwe. Tunataka siku barua itakapokuja, watu watatu waisome pamoja naye, na mmoja wao aweze kumwambia kwa heshima: ndugu, hapa turudie tena.