Kiboko wa Udongo



Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinaeleza kuwa Mungu aliwaumba wanyama kwa udongo, kisha akampelekea Adamu awape majina. Kabla ya kutoa jina, Adamu alipaswa kumtazama kila mmoja.

Kazi hiyo bado inafanywa na watoto wa shule za msingi. Hapa Shanwe mtoto hahitaji vifaa vya dukani. Udongo wa mfinyanzi humpa kiboko, mabua ya mahindi humpa twiga, mkaa humpa nyati kwenye karatasi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) naye alianza na alichokipata Dar es Salaam: vipande vya ubao na rangi ya baiskeli. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Mzazi, mtoto akikuonesha kiboko wake, usimwambie amechezea matope. Muulize kwa nini macho, masikio na pua ameviweka juu kabisa. Akikujibu kuwa kiboko hushinda majini, na lazima aone, asikie na apumue mwili ukiwa umezama, ujue huyo ametazama. Muulize pia kwa nini udongo umepasuka. Atasema umekauka. Hapo mwambie kuwa ngozi ya kiboko nayo hupasuka ikikosa maji.

Kisha sisi watu wazima tujiulize. Mto Katuma, unaopita Sitalike kwenye Hifadhi ya Katavi, hupungua sana kiangazi, na viboko husongamana kwenye madimbwi ya tope, wengine hufa. Ukame ni sababu moja. Sababu nyingine ni maji yanayokingwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Wanaoyakinga si wageni. Jumapili tunakaa nao benchi moja, na mchele wao tunaula. Kulisha familia si kosa. Kosa ni kuyachukua maji yote pasipo kumwachia aliye chini. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa 2015, alifundisha kuwa kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu, hata kama hakitufai kitu.

Basi, kiboko wa mwanao mweke mahali anapoonekana nyumbani. Na kikao cha watumia maji kikiitwa, nenda ukaseme neno, ili wajukuu wetu nao wamfinyange kiboko waliyemwona, si wa kusimuliwa.