Deni la nyanya laletwa na mtoto wa jirani

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Mama mmoja muuza maharage na mukene hutoka Mbarara alfajiri na magunia yake, akasafiri karibu kilomita 60 hadi Base Camp, kitovu cha biashara katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Mzigo ukishashuka, kitu cha kwanza anachotoa si mizani. Ni daftari la madeni.

Daftari hilo limenenepa. Mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kugawa msaada kwa mafungu kulingana na uhitaji wa kila familia. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipozidi kupungua, watu wapatao milioni 1 nchini Uganda waliondolewa kwenye orodha ya chakula. Mkimbizi mwenye fedha mkononi ndiye mteja wa sokoni. Msaada ukikatika, muuzaji naye huumia. Mama huyu alikuwa ameshaamua: hakuna kukopesha tena, na mzigo ule ukiisha, harudi.

Siku niliyomkuta, msichana wa miaka kama kumi alisimama mbele ya meza yake. Mkono mmoja ulishika dumu la maji, mwingine noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa mara nne.

“Mama, nimeleta pesa ya nyanya. Mguu unamuuma, hawezi kutembea.”

Mama akafungua daftari, akamtazama mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu. Mwenye deni ni bibi wa Kirundi.

“Huyu ni nyanya yako?”

“Ni jirani. Sisi ndio tunamchotea maji. Amesema zilizobaki ataleta akiuza mboga.”

“Na wewe umekula?”

“Tutakula jioni.”

Mama hakusema kitu. Alikata deni, akapima nusu kilo ya maharage na kuiandika kwenye ukurasa wa nyanya. Akapima nusu nyingine, akaifunga peke yake. Hiyo hakuiandika.

“Ukurasa ule nilikuwa nimeufunga,” aliniambia baadaye. “Mtoto mwenye njaa amepita na pesa ya mtu katikati ya soko, ameifikisha yote. Mimi nitasema hapa hakuna watu wa kuaminika?”

Anayefanya biashara Nakivale atawatambua watoto wa namna hii. Makazi haya, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Familia zilizokimbia vita vya Kivu kupitia Bunagana, zikalala kituo cha Nyakabande huko Kisoro, hufika bila kujua lugha ya wenyeji. Mtoto akishacheza na kusoma na wenzake wa Isingiro, hushika Kirunyankole kabla ya wazazi wake. Yeye ndiye huwatafsiria bei sokoni na maagizo ya dawa zahanati.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Huku vichochoroni, watoto hawakungoja. Ndicho wanachoazimana mpira na kuitania kwacho.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Mtoto anayebeba maji ya nyumba mbili na kulala na njaa anabeba mzigo wa watu wazima. Wema wake hauwezi kujaza pengo la mgao, wala haumwondolei mfadhili, serikali au sisi tunaouza na kununua wajibu wetu. Unatuonyesha tu kwamba uaminifu, ambao ndio mtaji wa kila anayevusha bidhaa mpakani, bado haujakauka.

Mama wa Mbarara amerudi Nakivale. Sasa anakopesha kwa kipimo: kilo moja kwa nyumba, na la zamani lilipwe kidogo kidogo kwanza. Ukurasa wa nyanya uko wazi.